Dakika Arobaini za Ndege Nyeupe

Kama hasira ingekuwa inapasha nyumba joto, Arlene Tjaden asingelipia gesi majira yale yote ya baridi. Alilala nayo, akaamka nayo, akainywa pamoja na kahawa. Na hasira yenyewe ilikuwa na jina na ofisi: Wade Brummel, mkurugenzi wa michezo wa Chuo cha Prairie Fork. Arlene, dereva mstaafu wa basi la shule, alimbeba mtu huyo tangu akiwa mtoto wa mapengo, na sasa, kwa maneno ya Arlene mwenyewe, alikuwa ameukalia mkataba wa kocha kama kuku anayeatamia mawe.

Kocha alikuwa Marcy Oltmann. Miaka tisa nyuma aliikuta timu ya wasichana ya mpira wa kikapu ikiburuta mkia, inacheza mbele ya wazazi, mfagizi wa ukumbi na wabishi wachache kama Arlene. Leo hupati kiti hata ukilia. Mara mbili amewafikisha kwenye mashindano ya taifa, wasichana waliokulia kwenye mashamba ya mahindi, na mara mbili mji mzima umefunga maduka kuwatazama. Lakini mkataba wake ulikuwa umebakiza mwaka mmoja. Katika kazi ile, kocha mwenye mwaka mmoja ni kama hana kazi. Akienda kumwomba binti mrefu huko kwao aje kukichezea chuo, anakuta makocha wa vyuo vingine wameshamnong'oneza mama mtu: mwanao utampeleka kwa mtu asiyejua mwakani atakuwa wapi? Tayari binti mmoja wa Dubuque, aliyekwishakubali kuja, alikuwa amegeuka. Na Brummel kimya. Tangu kiangazi mashabiki wanamuuliza, naye anajibu "mazungumzo yanaendelea," basi, neno jingine hana.

Arlene alikuwa na lake la ziada, na wala hakulificha. Janelle, binti yake wa pekee, alikuwa kocha msaidizi wa Marcy. Kocha mkuu akihama, wasaidizi wanafunga virago nyuma yake; ndivyo ilivyo kila mahali. Na Janelle angehama na Tessa, mwanawe wa miaka saba. Kila siku saa tisa Arlene alikuwa kwenye foleni ya magari mbele ya shule kumchukua Tessa, kumpa chai ya maziwa na biskuti, kusikiliza nani kamsukuma nani. Tangu mumewe Harlan afariki, miaka minne sasa, hiyo ndiyo sauti pekee iliyokuwa ikisikika ndani ya ile nyumba, ukiacha redio. Kwa hiyo ukimwambia Arlene kwamba Brummel anachelewesha karatasi, yeye anasikia kwamba Brummel anamnyang'anya mjukuu.

Ndiyo maana akaanzisha ile orodha ya saini. Alisimama mlangoni kanisani, akasimama kliniki, akasimama kwenye mnada wa ng'ombe kalamu ikimgandia vidoleni, mpaka akapata majina elfu moja na mia nne ya watu wanaotaka Brummel aondolewe. Jina lake lilikuwa la kwanza. Jumatatu baraza la chuo lingekaa kuijadili.

Halafu Jumanne, wiki ya pili ya Februari, ikashuka ndege nyeupe.

Katika nchi ile kila kundi la mashabiki lina mtu wa ndege. Ukivuma uvumi wa kocha kufukuzwa au kuajiriwa, yeye kazi yake ni kushika simu na kutazama ndege za kukodi zinatua wapi, zinaondoka saa ngapi, kisha anawaambia wenzake maana yake. Hapo Prairie Fork alikuwa LeRoy Eilers, mfamasia mstaafu, na Jumatano asubuhi alikuwa amekwishawahi kiti chake kwenye kituo cha mafuta cha Vonnie Harms, mahali ambapo kahawa ni ya kujimiminia na maneno ni ya bure.

"Dakika arobaini," LeRoy alisema, akiisukuma simu katikati ya vikombe. "Imetoka Tulsa, huko Oklahoma, imeshuka saa nne na dakika kumi, imeruka saa tano kasoro kumi, imerudi Tulsa. Dakika arobaini unakaa na mtu kwa shughuli gani? Unamhoji."

"Unamhoji nani?" aliuliza Duane Kruse, mfuga nguruwe, mtu wa kuchelewa kukasirika.

"Kocha mpya, Duane. Brummel kamleta, kamwona hukohuko kwenye banda la ndege, kamrudisha kwao kabla chakula cha mchana hakijaiva."

"Na mimi nimemwona kwa macho yangu," Vonnie alisema kutoka nyuma ya kaunta. "Pikapu yake imepita hapa saa nne kasoro, mbio, theluji inaruka pembeni. Barabara hii inakwenda sehemu mbili tu, uwanja wa ndege na jalalani. Na gari halikuwa na takataka."

"Isipokuwa dereva," Arlene alisema.

Wakacheka, lakini kicheko cha kuumwa. Arlene hakucheka. Alikiweka kikombe chini kwa kishindo.

"Mwanamke amekuokota, amekujazia ukumbi, ofisi yako imepata zulia jipya kwa jasho lake," alisema. "Halafu unamletea mwenzake kwa mlango wa nyuma, mchana kweupe, na huku bado unamchekea. Huyo mtu ana haya kweli?"

"Tuseme karatasi ipo," Duane alisema taratibu. "Nauliza tu. Tuseme kishampa, na Marcy ndiye hajaweka saini."

"Asiweke kwa nini?"

"Sijui. Nguruwe wangu akikataa pumba, mimi huwa naangalia kama kuna mtu mwingine anamlisha."

Basi Arlene akamtolea uvivu. "Duane, umemfananisha Marcy na nguruwe, na nimekusikia. Miaka yake miwili ya kwanza hapa wewe ulikuwa unakaa nyumbani unasema mpira wa wasichana ni wa kuletea usingizi. Leo umekuwa wakili wa Brummel? Kamalizie kahawa yako nje, huko kwenye baridi, pengine akili itarudi."

Duane akainama kwenye kikombe. Hakuna aliyemtetea. Na kabla ya kuondoka walikuwa wamekubaliana: Ijumaa, kwenye chakula cha mchana cha mashabiki, LeRoy angeibeba ile orodha, na Arlene ndiye angesema. Nani mwingine? Ana miaka thelathini na moja ya tiketi ya msimu, na hajawahi kukosa mechi ya nyumbani isipokuwa siku ya kumzika mumewe.

Alhamisi jioni alikuwa jikoni kwa Janelle, mitaa sita kutoka kwake, na karatasi ya hotuba mkononi. Tessa alikuwa sebuleni na katuni zake. Janelle alikuwa ametoka mazoezini, anakula viazi vya baridi amesimama, viatu hajavua.

"Sikiliza hapa," Arlene alisema, akavaa miwani. "'Bwana Brummel, wewe ulikutana na mtu kwa siri kwa dakika arobaini, wakati kocha wetu miezi yote hii hujampa hata dakika tano.' Hapo natulia kidogo, watu wapige makofi."

Alimtazama binti yake, akitegemea kicheko. Janelle aliweka sahani kwenye sinki.

"Mama, usiseme hivyo."

"Unaogopa kazi yako? Wewe hutatajwa."

"Siyo kazi." Janelle alichungulia sebuleni, akausukuma mlango. "Ile ndege haikuleta mtu. Ilikuja tupu. Ilikuja kutuchukua sisi, mimi na Marcy."

Arlene alivua miwani, kama vile ndiyo iliyosikia vibaya.

Janelle alilieleza jambo lote haraka haraka, mgongo ukiwa kwenye friji. Chuo kimoja kikubwa kule Oklahoma kilikuwa kinamtaka Marcy tangu mwisho wa kiangazi, kwa mshahara mara mbili, na yeye Janelle angekuwa msaidizi wa kwanza. Jumanne walikwenda kuona ukumbi na kupeana mikono, wakarudishwa jioni kupitia uwanja wa mji wa jirani. Ngozi ya mikono ya Janelle bado ilikuwa inawasha kwa baridi ya kungoja ndege. Tangazo lingetoka Machi, msimu ukiisha.

"Na Brummel?"

"Brummel alimpa mkataba Septemba. Miaka mitano. Upo kwenye droo ya Marcy, hajautia saini wala hajaurudisha."

"Septemba," Arlene alisema.

"Jumanne alijua tunaondoka, sijui nani kamwambia. Akaja uwanja wa ndege na nakala nyingine mkononi, kambembeleza Marcy mpaka rubani akaanza kutazama saa. Ndiyo hizo dakika arobaini. Marcy akamwomba asiseme kitu mpaka msimu uishe, kwa ajili ya wasichana, wasivunjike moyo. Akakubali."

"Na huku sisi tunamchinja."

Janelle alifungua bomba, akalifunga.

"Marcy anasema watu wakimkasirikia Brummel, hawatatukasirikia sisi. Tutaondoka kwa makofi." Aliona uso wa mama yake. "Mimi sikupanga hivyo, Mama. Lakini ni mwezi mmoja tu."

"Jumatatu baraza linakaa. Ana watoto watatu shuleni, mtu yule. Nimekusanya saini elfu moja na mia nne kwa mkono wangu huu."

"Hakuna aliyekutuma."

Ni kweli, na ndiyo maana liliuma. Arlene alikaa kwenye kiti cha Tessa, kifupi, magoti yakapanda juu.

"Mimi ulikuwa uniambie lini?"

"Baada ya msimu."

"Pamoja na mashabiki."

"Mama, wewe unaongea. Unaongea kanisani, unaongea kwa Vonnie. Ungeweza kukaa na jambo kama hili?" Janelle alipiga goti mbele yake, akamshika mikono. "Sikuombi useme uongo. Kaa kimya tu. Kesho jifanye unaumwa. Mimi ni mtu wa miaka thelathini na sita, nimeachika, ninalea mtoto peke yangu, na hii ni mara ya kwanza mtu ananiita kwenye kitu kikubwa. Usiniharibie."

Arlene alirudi nyumbani akiendesha polepole. Alikuwa na hasira, tena hasira safi, ila haikuwa na pa kwenda. Angemkasirikia Brummel? Brummel alikuwa ametukanwa dukani, mkewe akanyimwa salamu kanisani, na neno moja tu lingemtoa kwenye moto, na hakulisema kwa sababu aliahidi. Arlene alijaribu kujiambia kwamba ni ubishi wake mwenyewe huyo bwana, alitaka nini kukubali ahadi ya kijinga. Haikumwingia. Alijaribu pia kujiambia ataumwa kesho. Kufika asubuhi alikuwa mzima, akavaa fulana ya timu, akaenda.

Chakula cha mchana cha mashabiki kilikuwa kila Ijumaa ya msimu, kwenye ukumbi wa maveterani wa vita. Akina mama wa kanisa walikuwa wamepika ile supu nzito ya maharage na nyama ya kusaga, na pembeni ya kila bakuli mkate wa mdalasini, kama inavyopaswa. Meza ya mbele walikaa Marcy, Janelle na Brummel. Utaratibu wa pale ulikuwa mmoja: ukipewa kipaza sauti, kwanza unataja jina lako na miaka ya tiketi yako, ndipo uulize. Mwenye miaka michache hamkatizi mwenye miaka mingi. Hata mkuu wa chuo alitii.

Vonnie alianza. "Vonnie Harms, miaka kumi na minane. Bwana Brummel, Jumanne asubuhi ulikuwa uwanja wa ndege, ndiyo au hapana?"

"Ndiyo," Brummel alisema.

Ukumbi ukaguna.

"Ulikuwa na nani?"

"Sitazungumzia mambo ya mkataba mpaka msimu uishe."

"Mkataba upi, na hujautoa?" LeRoy alisema bila kipaza sauti, na watu wakagonga meza kwa vijiko. Mtu wa nyuma akamwita nyoka. Brummel alikuwa na bakuli lake mbele, supu imeshaganda juu, hakuigusa. Arlene alikaa na mikono mapajani. Alikuwa amejiapia kwamba hatanyanyuka. Alimtazama Janelle, na Janelle akamtikisia kichwa kidogo sana, kumwomba. Na Arlene angekaa. Wallahi angekaa, akala mkate wake, akarudi nyumbani na aibu yake kimya kimya, kama si Marcy kuomba kipaza sauti.

"Jamani, msimwonee Wade," Marcy alisema, kwa sauti ile laini iliyokuwa imewashawishi akina mama wa wilaya kumi na tano. "Anafanya analoweza. Mimi hapa ndipo nyumbani. Sijaona karatasi yoyote, lakini sina kinyongo. Nangoja tu, kama mnavyongoja nyinyi."

Watu wakasimama kumpigia makofi. Mama mmoja alifuta machozi.

Hapo ndipo Arlene alipojikuta amesimama naye, na LeRoy, akidhani wakati umefika, akampa kipaza sauti.

"Arlene Tjaden, miaka thelathini na moja," alisema, na ukumbi ukakaa. "Swali langu ni kwa kocha. Marcy, ule mkataba wa miaka mitano uliopewa Septemba, uko droo ya juu au ya chini?"

Kijiko kilianguka mahali.

"Sijakuelewa, Arlene," Marcy alisema.

"Umenielewa. Wewe ndiye uliyepanda ndege Jumanne. Haikuleta mtu, ilikuja kukuchukua wewe. Huyu bwana alikwenda kukupigia magoti ubaki, nawe ukamfunga mdomo, halafu unakaa hapa ubavuni mwake unakula supu yetu na kumwonea huruma. Ondoka ukitaka, hakuna aliyekufunga kamba. Lakini huwezi kuondoka ukiwa umemkanyaga mtu shingoni ili uonekane mrefu."

Marcy hakumjibu yeye. Huyo mwanamke hakushinda mechi zote zile kwa bahati. Aligeuka kwa upole, akakisogeza kipaza sauti cha mezani mbele ya Janelle.

"Janelle, mpenzi, mama yako hajisikii vizuri?"

Ukumbi mzima ulimtazama Janelle. Arlene pia. Aliona koo la binti yake likipanda na kushuka, kama zamani alipokuwa mdogo na anataka kusema uongo.

"Mama hajawa sawa tangu Baba afariki," Janelle alisema. "Naomba mumsamehe."

Hewa ya ukumbi ikalegea. Kumbe ni hivyo. Watu walimtazama Arlene kwa ule upole unaotisha kuliko matusi. Vonnie alikuja akamshika kiwiko, akamnong'oneza twende ukakae, mpenzi, nitakuletea maji, na LeRoy akanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti. Arlene hakukiachia. Hasira yote ile ya miezi yote ile, na siku aliyoihitaji kweli, ulimi ukawa jiwe.

"Bi Tjaden ana akili zake timamu."

Alikuwa Brummel. Alikuwa amesimama, na sauti yake haikuwa kubwa.

"Wade, uliniahidi," Marcy alisema.

"Niliahidi kukaa kimya nikisemwa mimi. Akisemwa huyu, sikuahidi." Akautazama ukumbi. "Nilimpa mkataba tarehe kumi na mbili Septemba. Jumanne nilimpelekea tena. Kila alichosema Bi Tjaden ni kweli, na aliyemwambia ana uhakika nacho."

Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Duane Kruse, peke yake kwenye meza ya nyuma, aliendelea kula. Marcy alikunja kitambaa chake cha mezani mara nne, akakiweka kando ya bakuli, akatoka kwa mlango wa jikoni. Janelle alichukua koti lake akamfuata. Alipita karibu na mama yake kiasi cha kumgusa bega, na hakugeuka.

Mezani palikuwa na ile orodha ya saini. Arlene aliifungua, akatafuta jina lake, la kwanza kabisa, akalikata kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Kisha akampa LeRoy kalamu. LeRoy aliishika muda mrefu, anasafisha koo, anadai kwamba hata hivyo Brummel angeweza kulishughulikia jambo hili vizuri zaidi, kwamba mkurugenzi hodari angempa kocha siku ya mwisho ya kutia saini, kwamba kosa ni la pande zote. Watu wawili watatu walikubaliana naye. Wengine wakaanza kubishana kama Marcy aachwe amalizie msimu. Mpaka Arlene anavaa glavu, ukumbi ulikuwa umegawanyika meza kwa meza na kila mtu anamkatiza mwenzake, miaka ya tiketi imesahauliwa.

Saa tisa kasoro tano alikuwa kwenye foleni ya shule, gari la nne kutoka mbele, injini inawaka. Moyo ulikuwa mwepesi. Alijua Janelle angenuna, pengine wiki nzima, pengine mpaka Machi. Angempelekea chakula. Angemwambia kwamba hakutaja jina lake hata mara moja, na ndivyo ilivyokuwa.

Milango ilifunguliwa, watoto wakatoka. Foleni ikasogea. Bi Schoon, mwalimu wa zamu, alikuja dirishani na ule ubao wake wenye orodha ya watu wanaoruhusiwa kuchukua kila mtoto. Kwa kawaida hakuutazama. Alikuwa akipunga mkono tu na kumwita Tessa. Leo aliutazama.

"Bi Tjaden," alisema, "Janelle amepiga simu saa saba na nusu. Ameliondoa jina lako."

"Ameliondoa kwa leo?"

"Ameliondoa." Bi Schoon alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Nimemuuliza mara mbili. Samahani sana."

"Nimewabeba watoto wa mji huu miaka thelathini," Arlene alisema. "Nilikubeba wewe, Karla. Sijawahi kumpoteza hata mmoja."

"Najua."

Nyuma ya kioo cha mlango Tessa alikuwa amekwishaliona gari. Alikuwa amevaa begi, anafunga zipu ya koti, anakuja. Mwalimu mwingine alimwekea mkono begani, akainama kumwambia kitu, na mtoto akasimama, akamtazama mwalimu, akalitazama gari.

"Inabidi usogee, Bi Tjaden," Bi Schoon alisema taratibu. "Kuna wenzako wanangoja nyuma."

Arlene alitazama kwenye kioo. Kweli walikuwapo, magari kama kumi na mawili, hakuna hata mmoja aliyepiga honi. Akatia gia, akasogea.